Nyumbani si salama, na wewe uko kwenye matibabu ya saratani ya titi: jinsi ya kujilinda hatua kwa hatua

Kabla hujasoma zaidi, itazame simu uliyoshika. Kama mwenzi wako huipekua, soma haya kwenye simu ya mtu unayemwamini, au ukimaliza ufute ukurasa huu kwenye historia. Ufute huu tu. Simu iliyosafishwa yote kwa ghafla humshtua mpekuzi kuliko ukurasa mmoja.

Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi. Mwanamke anayeteswa nyumbani mara nyingi huzibiwa njia zote: kwenda kwao, kwenda kazini, hata kutoka nje. Lakini mwenye saratani ya titi ana njia moja ambayo hata mume mkali huona haya kuiziba mbele za watu, nayo ni siku ya kliniki. Siku hiyo ina tarehe, ina kadi, na ina watu wanaokusubiri. Karibu kila ninachoeleza hapa kinaizunguka siku hiyo.

Hatua ya 1: Liite jambo kwa jina lake

Wengi hungoja kofi ndipo wakubali kwamba wanateswa. Nyumba yenye saratani ina mateso yake ya aina nyingine. Vidonge vinapotea kabatini, halafu unaambiwa dawa zimekuharibu kumbukumbu. Nauli unapewa saa nne, na unajua vizuri kwamba vipimo vya damu vinafungwa saa tatu. Kadi ya bima iko kwa jina lake, na haitoki mpaka umwombe radhi kwa kosa usilolijua. Kifua chako kinafanyiwa mzaha watoto wakisikia. Akitaka kukuvuta anaushika mkono wa upande uliopasuliwa, maana anajua ndio unaouma. Anawatangazia ugonjwa wako watu ambao hukuwa tayari kuwaambia. Anataka tendo la ndoa mrija wa kutoa majimaji baada ya upasuaji ukiwa bado unaning'inia ubavuni. Na kuna ile kauli inayofunga midomo kuliko kipigo: "Nikikuacha, nani atakuosha?"

Najua kuuguza kunachosha. Mume aliyekesha wiki nzima akibeba ndoo za matapishi anaweza siku moja akafoka. Mimi huwa nauliza swali moja tu: unamwogopa? Aliyechoka hufoka, akaona machozi yako, akajirudi. Anayetaka kukutawala huyaona machozi akajua amefika alipotaka. Kama unapanga maneno kichwani kabla ya kuomba nauli ya kliniki, kama ukisikia mlango unafunguliwa kitu cha kwanza unachofanya ni kusikiliza leo karudi na hali gani, basi unao ukatili nyumbani hata kama hajawahi kuinua mkono.

Wapo ambao kipigo kilikuwepo kabla ya uvimbe. Wapo ambao kilianza siku majibu yalipotoka. Na wapo waliopata mapumziko miezi yote ya kemo, zile dawa kali za saratani zinazotiwa kwa dripu, nywele zilipoanza kuota na kipigo nacho kikarudi. Usijishangae kwa kuwa kundi lolote kati ya haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mwenzi wake. Kwenye benchi la kliniki mnapokaa kumi na wawili mkisubiri kuitwa, huenda wanne wanayajua unayoyajua wewe.

Kuna jingine la kulitoa moyoni. Kupigwa kifuani hakuleti saratani. Ngumi inaweza kuyaua mafuta ya ndani ya titi na kuacha uvimbe mgumu unaofanana mno na saratani, ndiyo maana uvimbe wowote unaobaki baada ya kipigo hupimwa, lakini saratani yenyewe haitokani na ngumi. Haiambukizwi kitandani, wala haimjii mwanamke kwa sababu ya uzinzi, hata akuimbie hivyo kila usiku.

Hatua ya 2: Zijue siku ambazo kipigo kidogo ni dharura

Mwili ulio kwenye kemo si ule aliokuwa akiupiga zamani. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zinaweza kushuka. Siku hizo mkwaruzo wa kucha unaweza kuingiza vijidudu mpaka kwenye damu, na kibao cha sikio kikavujisha damu mahali usipopaona. Kama saratani imeshafika mifupani, kusukumwa ukaangukia nyonga kunatosha kuivunja.

Nenda hospitali hapo hapo, usingoje kupambazuke, kama:

- amekukaba shingo, hata kwa sekunde chache, hata kama hapakubaki alama
- umegongwa kichwani, au umezimia
- mshono umefumuka, mrija umevutwa, au pale dripu inapoingilia pamevimba na kuuma
- joto la mwili limefika nyuzi 38, uwe umepigwa au hujapigwa
- fizi au pua zinavuja damu bila kukoma, au ngozi imetoka vidoa vyekundu vingi
- miguu imekufa ganzi ghafla, au mkojo hautoki

(Ukitumia ile dawa nyekundu, doksorubisini, mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu. Huo usikutishe. Ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo, nenda.)

Ukifika, neno la kwanza lisiwe habari ya ugomvi. Sema: "Niko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Maneno hayo yatakutoa kwenye foleni ya kawaida, na mengine utayasema ukishalazwa kitandani.

Kukabwa shingo nataka nikueleze zaidi. Mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi saa nyingi au hata siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, ukikuta ulijikojolea bila kujua, waambie madaktari. Zaidi ya hayo, watafiti wa mauaji ya wanawake wameonyesha kwamba mwanamme aliyewahi kumkaba mwenzi wake yuko karibu zaidi kumuua kuliko ambaye hajawahi. Ukiongeza silaha ndani ya nyumba, vitisho vya kuua, wivu wa kukufuata kila uendako, na kipigo kinachozidi mwezi hadi mwezi, usijiambie ana hasira tu. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Pata dakika tano bila yeye

Hapa ndipo pa kuweka akili zako zote.

Mama mmoja alikuja kliniki mara nne, mumewe akishika faili. Nikimwuliza mama anakulaje, baba anajibu: "Anakula vizuri." Nikiuliza usingizi, baba anajibu analala. Mara ya tano nikamwita mama peke yake kupima uzito, nikasukuma mlango kwa mguu ukajifunga. Alipanda kwenye mizani akatazama namba, akasema bila kunigeukia: "Hizi kilo hazikuondoka na kemo. Chakula anakifungia." Akashuka, akavaa viatu, tukatoka nje kama hapakusemwa kitu. Lakini kuanzia siku hiyo nilijua, na faili likajua.

Hospitali ina vyumba vingi ambavyo msindikizaji haingii, au anaweza kuzuiwa bila kushtuka:

- chumba cha mizani na cha kutoa damu
- choo, unapopewa kichupa cha mkojo. Unaweza kukirudisha na kikaratasi kimekunjwa chini yake
- mahali pa kubadilishia bandeji, au pa kupimia mkono kama umevimba
- chumba cha mionzi

Mionzi ndiyo nafasi bora kuliko zote. Kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki, wiki 3 hadi 6 mfululizo, na mashine ikiwashwa hakuna binadamu anayebaki na wewe mle ndani, hata mtaalamu mwenyewe hutoka. Unapopangwa vizuri kitandani, kabla hajatoka, una muda wa kutosha kusema sentensi mbili. Na kesho utarudi kusema nyingine mbili.

Sentensi zenyewe zisiwe ndefu. Akiwa karibu anasikia, sema: "Sista, nina jambo la kike, naomba tuongee pembeni." Wanaume wengi hawang'ang'anii kulisikia. Mkishabaki wawili: "Nyumbani si salama. Aliyenileta asijue nimekwambia." Basi. Usianze na historia ya ndoa tangu siku ya kwanza, utaitwa kabla hujafika katikati.

Kabla hujamwaga yote, uliza: "Nikikueleza, utaandika wapi, na nani atasoma? Unalazimika kuripoti popote?" Sheria hutofautiana, na baadhi ya mahali mhudumu wa afya anawajibika kuripoti aina fulani za majeraha. Ni haki yako kujua kabla, uamue useme kiasi gani leo.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo kwa wahudumu wa afya chenye mambo matano ya kumfanyia mwanamke aliyesema: kumsikiliza, kumwuliza anahitaji nini, kumwonyesha kwamba anaaminiwa, kumsaidia kupanga usalama, na kumuunganisha na msaada. Yakumbuke hayo matano, ndiyo mizani yako. Mhudumu akianza kukuuliza ulimkosea nini, itikia, shukuru, kisha mtafute mwingine. Tupo wa kila aina, na nasema hivyo kwa aibu.

Ukimpata anayesikia, mwombe mambo haya mahususi. Kwanza, abadilishe namba ya simu kwenye faili, hospitali isimpigie mwenzi wako kuhusu majibu wala tarehe. Pili, abadilishe jina la ndugu wa karibu. Wengi huandika jina la mume siku ya kwanza bila kufikiri, na mara nyingi huyo ndiye atakayeulizwa maamuzi siku ukiwa hujitambui. Mtu mzima mwingine unayemwamini anaweza kuandikwa. Tatu, kama majibu yako yanasomeka mtandaoni, nenosiri libadilishwe palepale, mbele yako. Nne, kama mnatumia mkalimani, asiwe yeye wala ndugu yake. Tano, akukutanishe na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo ya kliniki ijayo, ili isionekane safari mpya.

Kama una majeraha, yaandikwe. Ukubwa wa kila alama, mahali ilipo, rangi yake, na maneno yako kama ulivyoyasema, "alinipiga na mkanda mgongoni", siyo "mgonjwa anadai alianguka". Sasa kuna ujanja mmoja ambao wengi hawaufikirii. Mtu aliye kwenye kemo hupata michubuko kirahisi, na siku ya kesi atatokea mtu aseme hiyo ni dawa. Kwa hiyo omba hesabu ya chembe sahani ya siku ile iandikwe pembeni ya maelezo ya majeraha. Kama ilikuwa kawaida, hoja ya dawa imekufa. Kama ilikuwa chini, bado umbo la mkanda ni umbo la mkanda.

Hatua ya 4: Linda dawa zako

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, liliweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Nalitaja hili ili ujue kuwa ukisema "nimekosa dripu kwa sababu alinifungia ndani", hujaleta mambo ya chumbani kwa daktari. Umemwambia sababu ya kitabibu kabisa.

Vidonge vya tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isilishe saratani, humezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine huongezewa mpaka 10. Ni muda mrefu wa kumpa mtu nafasi ya kuchezea kopo. Usiweke vyote mahali pamoja. Acha kopo la kuonekana kabatini na vidonge vya wiki moja, vingine vikae kwa jirani, kazini, au kwenye mfuko wa koti usilovaa. Uliza duka la dawa la hospitali kama linaweza kukupa kidogo kidogo na kukuwekea vilivyobaki. Ukikosa dozi kwa sababu vilitupwa, usimeze viwili siku inayofuata kufidia. Mpigie muuguzi, mwambie umekosa siku ngapi.

Dawa kali za maumivu, hasa zile za jamii ya mofini, zinahitaji uangalifu wa aina mbili. Anaweza kukunyima, au kuzitumia na kuziuza. Anaweza pia kukuzidishia. Kama kila unapopewa dawa na yeye unalala mpaka huamki vizuri, mwambie daktari maneno hayohayo. Hesabu vidonge, andika idadi mahali ambapo yeye hapajui.

Nauli na usafiri wa siku ya dripu viwe na watu wawili nyuma yake, asipatikane wa kwanza awepo wa pili. Mwombe daktari barua inayosema tarehe hazisogezwi. Nimeona barua ya mistari mitatu yenye muhuri ikifanya kazi ambayo machozi ya miezi hayakuifanya, kwa kuwa mwanamme wa namna hii mara nyingi anamheshimu daktari kuliko anavyomheshimu mkewe. Itumie heshima hiyo.

Hatua ya 5: Kitandani

Kuwa mgonjwa hakumpi mtu ruhusa, na kuwa mke wake hakumpi. Lakini usiku wa manane hoja hiyo peke yake haikulindi, kwa hiyo kopa jina la daktari: "Daktari amekataza mpaka mshono ukauke." "Dawa inatoka kwenye majimaji ya mwili, itakudhuru na wewe." Hilo la pili si uongo. Dawa za kemo hutoka mwilini kwa siku chache baada ya kila dripu, na hospitali huagiza kondomu siku hizo. Muombe muuguzi amwambie yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wanaambiwa wote.

Mimba wakati wa kemo, mionzi au tamoksifeni ni hatari kwa mtoto. Njia zenye homoni, yaani vidonge, sindano na vijiti, kwa kawaida hazimfai mwenye saratani ya titi. Koili ya shaba haina homoni, inadumu miaka mingi, na nyuzi zake zinaweza kukatwa fupi asizisikie kama hutaki ajue. Zungumza na daktari wako kuhusu siku nzuri ya kuiweka, hesabu ya chembe za damu ikiwa imepanda.

Akikulazimisha, una saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na kila saa ya mapema ina faida. Kwa mimba, koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 nayo huzuia. Waambie una saratani na dawa unazotumia, wakuchagulie.

Hatua ya 6: Makaratasi kwanza, nguo baadaye

Miongozo mingi ya kuondoka hutaja kitambulisho, pesa, funguo na vyeti vya watoto. Chukua hivyo. Kwako kuna vingine ambavyo ukivikosa hospitali mpya itaanza upya, na wewe huna miezi ya kupoteza.

Cha kwanza ni ripoti ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa, ile inayosema saratani yako ni ya aina gani, ina vipokezi vya homoni au haina, HER2, protini inayoweza kuikuza saratani, imezidi au haijazidi. Matibabu yote hutegemea karatasi hiyo. Cha pili ni orodha ya dripu ulizopata: jina la dawa, kiasi, tarehe. Doksorubisini ina kikomo cha maisha, ikizidi kiasi fulani huudhuru moyo, kwa hiyo daktari mpya lazima ajue umeshameza, au tuseme umeshatiwa, kiasi gani. Vipimo vya moyo vinafuata, halafu picha na ripoti za upasuaji. Vipige picha vyote, mtumie mtu mmoja, ufute kwenye simu yako, ufute na kwenye lile pipa la picha zilizofutwa.

Begi lenyewe liwe na kipimajoto, dawa za wiki mbili, bandeji, kikombe cha kupimia majimaji ya mrija kama bado unao, skafu, na sidiria yenye titi bandia kama unaitumia. Usiliweke nyumbani. Begi lililofungwa chini ya kitanda huonekana na mtu anayepekua. Mwachie rafiki. Wauguzi wengine watakubali kukuhifadhia bahasha ya makaratasi kabatini kwao, si vibaya kuuliza.

Hatua ya 7: Kuondoka, au kubaki kwa mpango

Siwezi kukwambia uondoke. Wakati wa kuondoka, na majuma ya mwanzo baada yake, ndio wakati ambao wanawake wengi huuawa. Wewe ndiye unayemjua. Ninachoweza kukupa ni hesabu.

Kama una nafasi ya kuchagua siku, usichague wiki ya pili baada ya dripu, kinga ikiwa chini kabisa. Wiki ya mwisho kabla ya dripu inayofuata ndiyo mwili huwa na nguvu zaidi, na bahati nzuri inaishia siku ya kliniki. Wengi niliowaona wakiondoka salama waliondokea kliniki. Wametoka nyumbani wamevaa kama kawaida, mkoba mdogo mkononi, na wamepita mlango wa nyuma wa hospitali wakiwa na mtu wa kuwapokea. Kama maisha yako yako hatarini leo, achana na hesabu hii, ondoka leo, na homa utaitibu ukiwa hai.

Nyumba ya hifadhi ikiwa imejaa watu ni hatari ya maambukizi kwa mtu mwenye kinga ndogo. Muuguzi wako aandike barua fupi: uko kwenye kemo, unahitaji chumba chako au angalau upande wako, choo cha karibu, mahali pa kuweka dawa, na ruhusa ya kutoka saa yoyote ukipata homa. Jua hospitali iliyo karibu na huko uendako kabla hujalala usiku wa kwanza. Tiba ihamishwe daktari kwa daktari, na jina la hospitali mpya lisiandikwe mahali anapoweza kulisoma.

Ukibaki, baki na mpango. Neno moja la siri kati yako na mtu mmoja, ambalo likitumwa yeye anapiga simu polisi bila kuuliza. Ugomvi ukianza, toka jikoni na bafuni, sogea kwenye chumba chenye mlango wa nje. Watoto wajue pa kukimbilia, na wajue kazi yao si kukuokoa. Namba ya dharura ya nchi yako, na ya msaada kwa wanawake kama ipo, uikariri kichwani. Simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa.

Mkubaliane na yule mtu wako kwamba usipojibu simu saa mbili baada ya muda wa kurudi kliniki, atakuja mlangoni na kisingizio: ameleta dawa uliyosahau.

Hatua ya 8: Kwako wewe dada, rafiki au jirani unayemsaidia

Kaa naye kwenye dripu, hata kama hamwongei. Mwenzi mkali hupenda kumwacha mgonjwa peke yake, na kiti kilichokaliwa humharibia mipango. Chukua watoto siku ya kemo na siku mbili zinazofuata. Shika faili.

Usimwambie avumilie mpaka matibabu yaishe. Na tafadhali usiitishe kikao cha kuwasuluhisha. Nimewahi kumpokea mgonjwa siku moja baada ya kikao cha namna hiyo, kilichofanyika kwa nia njema kabisa, wazee wakiwa wamemtaka aeleze yote mbele ya mumewe. Akayaeleza. Usiku ule walipobaki wawili aliyalipia kila neno.

Akisema hataki kuondoka, muulize tu: "Kliniki ni lini? Nikusindikize?"

Hatua ya 9: Kabla ya dripu ya mwisho

Wakati wa kemo, unakuja kliniki kila baada ya wiki 2 au 3. Wakati wa mionzi kila siku. Halafu ghafla matibabu yanaisha, watu wanakupongeza, na kadi inaandikwa miezi mitatu au sita. Kwa mwingine hiyo ni sherehe. Kwako mlango uliokuwa ukitumia unakuwa mwembamba, na wewe umerudi nyumbani muda wote, na yeye haoni tena sababu ya kuonekana mume mwema.

Kwa hiyo usingoje siku hiyo. Dripu mbili kabla ya mwisho, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii: "Nikimaliza hapa, sitakuwa na sababu ya kutoka." Wanaweza kukupangia mazoezi ya mkono kwa mtaalamu wa viungo kila wiki, ambayo huenda unayahitaji kweli, au miadi ya karibu ya kuangalia madhara ya tamoksifeni, au kikundi cha wagonjwa kinachokutana hospitalini. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi, kwa kalamu ileile, kwa mwandiko uleule wa tarehe za kemo.